Mama, Haikuwa Seng'enge

Mama,

Yule ng'ombe wako mwekundu alizaa mwezi wa tisa, miezi mitatu baada ya sisi kukuzika. Alizaa jike, kama ulivyokuwa unasema atazaa. Chai ya upande wa mto tuliikata ikawa fupi, sasa imechipuka vizuri, ukiiona utaipenda. Mwanao Kipngeno alibadilisha mabati ya jikoni yale yaliyokuwa yanavuja, na mimi na mjukuu wako Cherono tumehamia chumba chako kwa sababu kile chetu kina baridi. Mwanzoni sikutaka. Nilikuwa naona kama tunakufukuza.

Hizo ndizo habari nilizodhani nitakuandikia, halafu nifunge. Lakini kuna jambo lingine, na nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka tisa ukanituma na gunia la majani ya chai kituo cha kupimia? Nilikutana na wenzangu pale mtoni, tukacheza. Nilipofika kituoni majani yalikuwa yameshika joto ndani ya gunia, yamekuwa mekundu, na karani akayakataa yote. Nilirudi nayo mgongoni huku nalia, maana nilijua. Ulikuwa unatengeneza ua wa boma. Hukuuliza kitu. Ulinyakua fito iliyokuwa karibu, na fito hiyo ilikuwa na msumari. Sidhani uliuona, Mama. Nimekaa miaka mingi nikijiambia hukuuona. Msumari uliingia hapa juu ya kiganja ukachana kwenda juu.

Ulipoona damu ulitupa fito. Ulinikalisha kwenye kigoda, ukaniosha kwa maji ya chumvi, ukararua leso yako ya kanisani ukanifunga. Halafu ukaniambia, "Ukiulizwa, utasema uliangukia seng'enge." Nikasema ndiyo. Jioni ulinipa nyama kubwa kuliko ya Kipngeno, na mambo yakaisha hapo. Hatukuwahi kuyazungumza.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Ulikuwa unatuchapa, Mama. Naliandika neno hili na mkono unaniwia mzito, kwa sababu najua ulivyokuwa unaamka, najua Baba alipokufa ulibaki na nini, na najua hakuna siku niliyolala njaa. Ulinifundisha kuchuma majani mawili na kichipukizi bila kuangalia vidole. Ulinifundisha kusimama mbele ya watu na kusema. Nilikupenda na nilikuogopa, na mpaka leo sijui kimoja kinaishia wapi.

Halafu nikarudi nyumbani na Cherono akiwa mdogo, ndoa imenishinda, na nikamkuta mama mwingine kabisa. Mtoto akikosea nikishika kiboko, anakimbilia nyuma ya sketi yako. Unaniambia, "Chelangat, huyu ni mtoto. Weka hicho kitu chini." Nilikuwa naweka. Lakini nilikuwa naenda kwa chai nachuma nikiwa na hasira, nikijiuliza huyu nyanya mpole alikuwa wapi nikiwa na miaka tisa. Nilimwonea wivu mtoto wangu mwenyewe. Sikukuambia.

Ile wiki ya mwisho hospitalini, nilikuwa nakulisha uji. Ulishika mkono wangu ukaugeuza, ukapitisha kidole kwenye lile kovu, ukaniuliza, "Hapa uliumia na nini?"

Nilikuangalia usoni nikitafuta kama unanijaribu. Hukuwa unanijaribu. Ulikuwa umesahau.

Nikasema, "Seng'enge, Mama."

Ukasema, "Pole. Uwe unaangalia unakopita."

Nilienda nje nikasimama karibu na mabomba ya maji mpaka muuguzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Mwezi wa kumi, shule zikikaribia kufungwa, Cherono alisahau kumfunga yule ndama mpya. Asubuhi nikaenda kukamua, nikakuta kiwele kimelegea, maziwa yote yamenyonywa. Nilikuwa sijalala vizuri, mkutano wa chama ulikuwa unaningoja, na wewe hukuwepo. Kamba ya ndama ilikuwa mkononi. Mama, nilimpiga mtoto kwa ile kamba. Alikimbia kuelekea chumba chako, na wakati huo mlango wako ulikuwa bado umefungwa, basi akabaki hapo mlangoni nikamkuta. Alisema neno moja tu: "Gogo." Alikuwa anakuita wewe, nyanya yake, si mimi.

Siku iliyofuata mwalimu wake wa darasa aliniita shuleni. Alikuwa amemsimamisha Cherono karibu na meza, kola ya shati imefunguliwa. Shingoni kulikuwa na alama ndefu, imevimba. Mwalimu hakunifokea. Aliniuliza polepole, "Mama Cherono, hii ni nini?"

Sikufikiri. Nakuapia sikufikiri. Nikasema, "Aliangukia seng'enge."

Mwalimu akamgeukia mtoto. Cherono akaniangalia kidogo, kisha akaangalia sakafu, akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Niliangukia seng'enge."

Sikuwa nimemfundisha, Mama. Wewe angalau uliniambia la kusema. Yeye alilichukua tu kutoka mdomoni mwangu akalibeba, ili nisiaibike. Ana miaka kumi. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma, na kila nikipunguza mwendo anapunguza.

Tangu siku ile amekuwa mtoto mzuri sana. Anaosha vyombo bila kutumwa, anafunga ndama, anasema "ndiyo, Mama." Majirani wananisifu. Mimi namwona jinsi anavyopita karibu na ukuta nikiwa nimesimama katikati ya nyumba.

Basi ikafika tarehe moja ya mwaka mpya. Tulikutana kwako kama kila mwaka, ingawa Kipngeno alisema tungoje mwaka mmoja upite. Nilikataa. Nilipika kuku, nikasonga ugali, nikamimina mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kutoka kwa kibuyu kilekile chako, ingawa yangu haijawahi kulainika kama yako. Kipngeno alikuja na mkewe kutoka Bomet, na Shangazi Taplelei, dada yake Baba, akaletwa kwa pikipiki akiwa amejifunga shuka mbili. Tulipomaliza kula, Kipngeno akasema kila mtu asimame aseme lengo lake la mwaka, vile ulivyotuzoesha. Akaiga hata sauti yako: "Moja tu! Mengi ni ya wanasiasa!" Tulicheka, halafu mke wake akaanza kulia, na tukangoja.

Kipngeno alisema anataka kumaliza nyumba. Mkewe alisema anataka kuanza kufuga kuku. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimejitayarisha kusema nitajiunga na masomo ya ushonaji kule Kaplong. Nikasimama, nikamwona Cherono ameketi mwisho wa kochi, mikono kati ya magoti. Nikasema, "Mwaka huu sitampiga Cherono. Na ile alama ya shingo, ni mimi."

Shangazi ndiye aliyeanza. Alisema, "Chelangat, hayo ni mambo gani ya kusema mbele ya chakula? Mama yako aliwachapa, si mmekuwa watu? Unataka kumwaibisha kaburini?"

Kabla sijajibu, Cherono akainua kichwa. "Gogo hakuwa anachapa watu," akasema.

Alisema kwa uhakika, kama anavyosema jina lake. Kipngeno aliniangalia. Yeye pia ana kumbukumbu zake, unazijua. Nilikuwa na neno mdomoni, Mama. Ningeweza kukunja mkono wa sweta nimwonyeshe. Sikufanya hivyo. Nilimwambia, "Wewe hakukuchapa hata siku moja." Huo ni ukweli. Lakini ni nusu, na sijui kama nilikulinda wewe au nilimlinda yeye. Nimelifikiria kila siku tangu hapo.

Cherono alipoulizwa lengo lake alisema hana.

Nisikudanganye kwamba imekuwa rahisi. Alhamisi iliyopita aliangusha chupa ya chai, ile kubwa ya wageni, ikapasuka, chai ikatapakaa mpaka chini ya kitanda. Mkono wangu ulikuwa umeinuka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Haukumshukia, lakini yeye alikuwa ameshafunika kichwa kwa mikono yote miwili, amekunja mgongo, macho amefumba. Alikuwa ananingoja.

Niliketi chini palepale kwenye chai. Baada ya muda akafungua jicho moja, akaniuliza, "Sasa utanifanya nini?"

Nikamwambia, "Lete ufagio. Mimi nitaokota vile vipande vikubwa."

Tukafagia. Alipomaliza aliniletea kitambaa nijifute sketi, akasimama mbali kidogo nilipokuwa nakipokea.

Mama, sikuandikii ili nikushtaki. Nadhani wewe ulianza kuacha kabla yangu, ulipomficha yule mtoto nyuma yako, na labda hiyo ndiyo ilikuwa njia yako ya kuniomba msamaha. Labda. Ningetaka uniambie kwa mdomo wako. Nimekukasirikia na nimekukosa, na vitu hivyo viwili vinakaa ndani yangu siku moja hiyohiyo, saa ileile.

Nakuahidi mambo mawili, ingawa ungetaka moja. Nitaenda kwa yule mwalimu kesho, na Cherono atasikia nikisema ukweli, ili aache kunibebea uongo. Na siku Cherono atakapokuwa mkubwa wa kutosha akaniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia yote, ya fito na ya sketi, sitaruka lolote.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Cherono ameketi mlangoni na kitana, anangoja nimsuke kabla ya shule. Nikigusa kichwa chake bado hushtuka kidogo. Nitaanza na upande wa nyuma, polepole, nikimwambia kila mara ninapoweka mkono.

Mwanao,
Chelangat