Vishindo Nyuma Yetu

Kaka yangu,

Jumatano asubuhi nyumba yangu ya wageni ilipoteza wateja watatu kwa mpigo, na mmoja wao ameondoka na mkono umefungwa plasta. Najua salamu ndizo hutangulia. Basi zipokee hapa. Mimi mzima wa mwili, mama hajambo, natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo pia. Nyumba yako iko kichochoro cha pili tu, lakini naandika kwa sababu tukikaa uso kwa uso hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Mwenye mkono ni yule muuguzi aliyekuja peke yake kupumzika na kutazama majumba ya kale. Jumanne jioni alitoka kununua maji, giza ndiyo kwanza linaingia. Kwenye kichochoro cha nyuma ya ukuta mkongwe akasikia vishindo vya miguu. Akasimama, vikasimama. Akakata kona, navyo vikakata. Alikimbia, kaka, akaanguka kwenye zile ngazi za mawe zilizolika. Alipofika kwangu aliniambia, kwa sauti ya mtu aliye kazini, kwamba mfupa umevunjika na nisimguse. Asubuhi akafunga virago, na wale dada wawili wa chumba cha juu wakaondoka naye. Hawakunigombeza, walinihurumia tu, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilikuja kwako siku hiyohiyo, kwa kuwa wewe ndiye mwenyekiti wa mtaa. Ukasema wanawake wa siku hizi ni waoga na bado wanapenda kuzurura. Wifi akadakia kutoka jikoni kwamba wewe mwenyewe hutoki kwenda dukani taa ya nje ikiwa haiwaki. Nikakukumbusha taa nne nilizoomba kwa ajili ya zile ngazi, mbili nikajitolea kuzilipia mimi. Ukajibu kuta za kale hazitobolewi.

Jana akanijia Kofia, yule mshona viatu wa kona, ameshika kandambili moja ya muuguzi, machozi yanamlengalenga. Aliapa hakuwa na nia mbaya, ni wewe uliyemtuma. Yeye na wenzake watano umewapangia zamu: kila mwanamke anayetembea peke yake afuatwe kwa mbali, asisemeshwe, asijue, eti akijua analindwa atakosa raha. Muuguzi alipoanguka, Kofia alikwenda kumwinua. Muuguzi akazidi kupiga mayowe, Kofia akaona bora atoweke.

Hivi aliye mbele atazitofautishaje hatua za mlinzi na hatua za mwizi? Ukuta uliosimama karne zote hizo hauwezi kubeba misumari ya taa nne, lakini vichochoro vyake vinabeba wanaume sita wa kunyemelea watu! Ulimuuliza nani kati yetu?

Sasa soma ambalo hata mama sijamwambia. Kabla hajaondoka, Kofia aliniuliza kwa adabu zote kama na mimi aache kunisindikiza niendapo sokoni alfajiri. Nilikaa chini hapohapo mlangoni. Tangu nifungue nyumba hii, miaka miwili sasa, nimekuwa nikisikia mtu nyuma yangu. Nimebadilisha njia, nimenunua filimbi, nimejifunza kutembea na ufunguo umechomoza katikati ya vidole. Mwezi uliopita nilimwita dalali anitafutie mnunuzi. Nyumba niliyoipata kwa kufua mashuka ya watu nilikuwa naiuza kwa woga, na aliyeniletea woga huo ni wewe, mtoto wa mama yangu, halafu unaniuliza mezani mbona nimekonda!

Dalali nimeshamrudisha alikotoka. Siuzi.

Msalimie sana wifi, mwambie maneno yake ya jikoni yalinipa nguvu. Watoto wabusu.

Wewe nijibu mawili tu. Je, utawaita wanaume wako wote sita mbele ya wanawake wa mtaa huu na kuwaachisha kazi hiyo kwa mdomo wako? Na taa zinafungwa, au hazifungwi? Usinitumie mtu, wala usinieleze nia yako ilikuwa njema. Nataka ndiyo au hapana, mlangoni kwangu, kabla ya Alhamisi ijayo saa kumi na mbili jioni.

Mdogo wako,
mwenye nyumba ya wageni