Shahidi Asiyejua Kitu

Nyumba ya nyuma ya gereji,
Chumba cha mbele.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa kitindamimba wangu,

Hujambo mwanangu? Unalala vizuri huko? Kile kifua cha baridi kimepoa, au bado unakohoa na kunificha? Sisi huku wazima. Mimi ni goti tu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi. Baba yako mzima na anachagua chakula kama kawaida yake. Dada yako mzima kuliko sote, utaona mwenyewe mbele. Ukichelewa kujibu nitajua unaumwa, na nikijua unaumwa sitalala, kwa hiyo jibu.

Kabla hujashtuka kwa unene wa bahasha: hakuna aliyekufa. Habari ni njema. Tumeshinda kesi!

Utauliza kesi gani. Sikukwambia mapema kwa sababu umeanza kazi juzi tu, nikaona nisikupe mawazo. Mawazo yote niliyabeba mimi. Sasa kaa, usisome umesimama, nikueleze tangu mwanzo.

Unaijua dawa ya madoa ya dada yako, ile ya kutoa grisi kwenye ovaroli za mafundi bila nguo kupauka. Alihangaika nayo kwa muda mrefu. Akachanganya hiki, akamwaga kile, akaniharibia shuka mbili na suruali ya baba yako ya kutokea. Siku moja ovaroli ya fundi wa gereji ikatoka safi kama inatoka dukani. Tangu siku hiyo gereji zote zikawa zetu, na yule aliyekuwa dobi wa beseni moja akaajiri watu.

Lakini siku hiyohiyo alitia kitasa stoo ya nyuma. Stoo ya masufuria yangu! Akichanganya dawa, mlango umefungwa, dirisha limezibwa gunia. Mimi niliyemzaa nikitaka sufuria nabisha hodi kama mgeni, analitoa kwa mkono mmoja kwenye upenyo, mlango pa! Niliumia, mwanangu. Nikanuna. Na unanijua, mimi sinuni peke yangu. Muuza mkaa alisikia, fundi cherehani alisikia, hata watu wa kuniuliza njia tu waliondoka wakijua kwamba mwanangu ananificha mambo kana kwamba mimi ni mdokozi.

Aliyeruhusiwa kuingia mle ni mmoja, yule mpiga pasi wake tuliyemwita Pasi Moto. Dada yako aliungua mkono akashindwa kukoroga, ikabidi amfundishe. Kwanza alimsainisha kwamba hatamwambia mtu, na akiondoka hataitumia kwa mwingine. Akasaini huku anacheka: "Dada, mimi kaburi."

Kaburi gani hilo! Haukupita muda akaaga, eti shangazi yake mgonjwa. Tukamfungia na matunda ampelekee. Mara dobi kubwa ya kona, ile yenye vioo na mashine za umeme, ikatundika bango: GRISI INATOKA, RANGI INABAKI. Na nyuma ya kaunta, shati jipya, nywele zimechongwa, nani? Pasi Moto.

Gereji zikaanza kutuhama moja moja, maana yule tajiri mwenye dobi ya kona anafua haraka kuliko sisi. Dada yako akawa anasimama uani anaziangalia kamba tupu. Alishawaambia wafanyakazi wake watafute pengine. Nilipomwona anaikunja ile aproni yake na kuiweka kabatini, mwanangu, nililia chooni asinisikie.

Ndipo akaenda kwa wakili, mama mmoja mfupi, mpole wa kuongea. Mimi nilidhani sheria ni ya viwanja na wezi wa kuku. Kumbe hata kitu kilichomo kichwani mwa mtu kinaibwa, na kina jina: siri ya biashara. Wakili alinieleza mpaka nikaelewa. Tajiri angekaa kwake akahangaika mwenyewe mpaka akaipata ile dawa, hakuna wa kumgusa. Lakini kuichota kwa mtu aliyeahidi kunyamaza, hapo amekosa. Ila kuna sharti. Mwenye siri lazima aonyeshe kwamba aliilinda kweli. Kama aliiacha wazi kila mpita njia aione, mahakama haina cha kumlindia.

Hapo nikaanza kuogopa. Maana kesi ilipofunguliwa Pasi Moto hakukana. Alisema ndiyo, nachanganya dawa ileile, lakini siri iko wapi? Inapikwa kwenye nyumba ya familia, na mama wa nyumba hiyo mdomo wake hauna breki! Yaani ulinzi wote wa dada yako wakataka kuuvunja kwa mdomo wangu. Nilikuwa napika huku najiuliza, je niliwahi kusema kitu? Dada yako aanguke kwa sababu yangu, nitamtazama vipi?

Na unajua walimleta nani awe shahidi wao? Fundi cherehani wa jirani. Aliitwa, hakuwa na jinsi.

Wakili wao, mwenye viatu vinavyong'aa, akamuuliza, "Huyu mama ni mwongeaji?"

"Mwongeaji? Akianza, mpaka cherehani inasimama kumsikiliza."

Mahakama nzima ikacheka. Mimi natazama sakafu.

"Anakueleza mambo ya nyumbani kwake?"

"Yote. Goti lake, mkoromo wa mzee wake, yule mwanawe aliyeachwa na mchumba kwa simu." (Nisamehe mwanangu, iliandikwa na karani.)

"Na habari za dawa ya madoa?"

"Hizo ndizo kila siku!"

Wakili akatabasamu mpaka jino la mwisho. "Alikwambia nini hasa?"

"Kwamba mwanawe hataki kumwambia. Analalamika tangu mwaka juzi. Jamani, kama kuna anayejua amwambie, na sisi tupumzike."

Mwanangu! Nilipoitwa na mimi kutoa ushahidi, yule wakili akainuka kwa kutapatapa, akidhani atanibana.

"Mama, unaishi humo ndani. Harufu unaisikia?"

"Naisikia, baba."

"Basi mle mna nini?"

"Ndimu," nikasema. Nikamwona dada yako anafumba macho.

"Una hakika?"

"Au magadi. Siku nyingine nasema ni siki. Baba yake anashikilia ni majivu, lakini baba yake naye hajui kitu."

"Kwa hiyo unakisia?"

"Nakisia tangu mwaka juzi, baba. Kama wewe umeshajua, ninong'oneze."

Hakimu alijifunika uso kwa faili. Alipolishusha akamgeukia tajiri, akamuuliza kwa upole: kama dawa hii kila dobi anaijua, kwa nini ulimngoja huyu mpiga pasi ndipo ukatundika bango? Tajiri akamtazama wakili wake, wakili akainama kufuta viatu vyake.

Kisha hakimu akataka kuusikia mchanganyiko wenyewe, aulinganishe na ule wa kona. Akaamuru watu wote watoke, wabaki wenye kesi na mawakili wao, na yeyote aliyebaki asitoe neno nje. Karani akanihurumia na goti langu, akauliza kama mama mzazi anaweza kukaa.

Dada yako akasema, "Mama yangu? Huyo atoke wa kwanza."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Nilitoka kifua mbele kama bibi harusi. Na mlango, mwanangu, niliufunga mwenyewe, nikauvuta mpaka ukagonga.

Hukumu imesomwa wiki iliyopita. Hakimu alisema siri hii ni siri, na imelindwa "hata dhidi ya mama mzazi", alisema hivyo hivyo, kwa sauti. Pasi Moto na tajiri wamekatazwa kuitumia ile dawa, kuiuza au kumfundisha mtu. Bango lishuke. Na fidia watalipa. Nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akaja kunitazama, nikamkumbatia na yeye.

Pale nje dada yako alinishika mabega, machozi yanamtoka. "Mama, umeniokoa na wala hujui kitu."

Nikamwambia, "Nimekuokoa kwa sababu sijui kitu."

Gereji zimerudi zote. Uani hapapitiki, tunatembea tumeinama chini ya miguu ya suruali. Aproni imetoka kabatini na ina madoa mapya.

Na Alhamisi, sikiliza hii. Tajiri wa kona alikuwa ameshapokea magunia ya ovaroli kabla ya hukumu, na sasa hana cha kuzitolea grisi, wenyewe wanazidai. Akaja kwetu mwenyewe, na suti yake, dereva nyuma kabeba magunia. Dada yako akafuta mikono, akamtazama, akasema, "Karibu mteja. Foleni inaanzia pale, nyuma ya mama mwenye mapazia."

Akaenda akapanga foleni. Nilimpelekea kiti, kwa kuwa ni mtu mzima. Ila nilichagua kile kinachoyumba.

Baba yako anakusalimia, anasema vaa soksi. Shangazi yako anakusalimia na watoto wote. Dada yako hana nafasi ya kuandika, mikono imelowa, lakini amesema nikwambie anakupenda na ujivune naye. Wasalimie wenzako mnaokaa nao, na yule mama mwenye nyumba anayekuazima blanketi, Mungu amzidishie.

Mungu akutangulie kila uingiapo na kila utokapo, akupe na wewe siku ya kucheka mbele ya waliokudharau.

Ni mimi nikupendaye, usiku na mchana,
Mama.