Dawa ya Watu Wawili

4 Machi

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini miguu imepunguza kuuma na mke mwenzio hajambo. Mimi nikisema mzima nitakuwa nakudanganya.

Tunatandika vigae ghorofa ya nne. Kazi yenyewe ni kuchuchumaa kutwa, na kuchuchumaa ndiko sikuwezi tena. Leo siku ya sita, korodani ya kulia imevimba, ina moto, na haja ndogo inaunguza. Jana homa ilinitetemesha mwiko ukanidondoka. Wenzangu wanasema ni mshipa, eti nimeupata kwa kubeba maboksi ya vigae. Wanacheka, nami nacheka nao, kisha naenda chooni kuuma taulo.

Nitumie ule mzizi aliokunywa babu. Mpe kondakta wa basi.

Na wewe hatufichani: kabla sijaja likizo ya Januari niliteleza na mwanamke mmoja huku. Mara moja tu. Nikaja nyumbani kama si mimi. Nahofia ndiyo yamenirudi. Nakuomba sana, mke wangu asijue. Akijua ataondoka. Yule hana maneno mawili.

Mjukuu na mumeo,
fundi

9 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Miguu ni ile ile. Mkeo yupo.

Mzizi hautumwi. Babu yako alijifunga kitambaa, akanywa mzizi, uvimbe ukashuka, watu wakasema kapona. Wakati huo baba yako alikuwa na miaka miwili. Hatukupata mtoto mwingine tena, na aliyeitwa tasa ni mimi.

Huo wako si mshipa wa maboksi. Mkojo kuunguza pamoja na homa ni maambukizi, na yakiachwa yanatunga usaha. Nenda hospitali leo, usingoje Jumamosi. Mwambie daktari kila kitu, na huyo mwanamke umtaje. Mficha uchi hazai.

Bibi yako

13 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimekwenda, na nusura nigeuke mlangoni nilipoona daktari ni mama wa makamo. Hakucheka. Kwanza alinipitisha kwenye kipimo cha picha, ahakikishe korodani haijajisokota, maana ingekuwa hiyo, saa chache tu zingetosha kuipoteza. Nami nimekaa wiki mbili nikijidai mwanaume.

Nyuma ya korodani kuna kamrija kamejikunjakunja, ndimo mbegu zinamokomalia. Hako ndiko kameingiwa na wadudu. Kwa jina la hospitali ni epididimitisi. Nimechomwa sindano, nimepewa vidonge vya siku kumi, nipumzike, nivae chupi ya kubana. Uvimbe unaweza kuchelewa kuisha hata homa ikienda. Bahati ni upande mmoja, na huenda nimewahi.

Sasa msiba wenyewe. Daktari kaniambia: "Hii ni dawa ya watu wawili. Ukinywa peke yako unajisumbua." Anasema mwanamke anaweza kuwa nao asiumwe popote, huku unamharibu kizazi.

Nimekuwekea cheti humu. Mpeleke mke wangu zahanati, mwambie ni kupima damu tu. Cheti mpe nesi, si yeye. Vidonge mwambie ni vitamini. Niokoe, bibi.

Mjukuu wako

24 Machi

Bibi,

Shikamoo. Mbona kimya? Vidonge nimemaliza, maumivu yamekwisha, nimerudi kazini. Ila silali. Je, amekunywa? Andika hata mstari mmoja.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mume wangu,

Habari ya afya yako ninayo. Bibi hajambo, anakusalimu. Uliporudi kazini baada ya likizo ukungu wa macho ulimzidi, herufi hazioni tena. Barua zako zote nimemsomea mimi.

Ile ya kwanza niliisoma hadi mwisho bila kusimama. Bibi alijifunika uso. Baadaye akaniagiza nichimbe mzizi, na niandike kuwa babu alipona. Sikuandika. Asubuhi yake nilikwenda zahanati, nikamweleza nesi yangu na yako. Ndiye aliyesema huo si mshipa, uwahi. Yale ya babu na kuishia mtoto mmoja bibi alinisimulia zamani, akilia. Nikayaandika, nikaweka jina lake chini.

Mimi nilikutwa nao, bila hata kuumwa. Dawa nimemaliza.

Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu yalikuja matusi. Yule mwanamke ameniuma, tena sana. Lakini kilichonivunja ni vitamini. Ulikuwa radhi nimezeshwe dawa kama mbuzi, nisijue mwili wangu unaugua nini, ilimradi wewe usalimike.

Ulisema nikijua nitaondoka. Nilijua, na bado nikakaa nikaandika uende hospitali. La kuondoka sijaamua.

Barua ijayo niandikie mimi, jina langu juu ya bahasha. Uniambie mwenyewe, kana kwamba sijui.

Mkeo, mpaka leo