Sabuni ya Harufu kutoka Geita

Ushirombo, 1952

Mume wangu Marcel,

Sisi wazima, na yule ng'ombe mweupe amezaa. Sabuni ya harufu uliyonitumia imefika. Ndugu yako Telesphori alinikabidhi akitazama chini, akasema wake wote wa wachimbaji huko Geita wanaogea hiyo. Ndipo nikaelewa kwa nini ulipokuja Pasaka ulihamishia mkeka wako mlangoni ukisingizia joto, na mvua inanyesha.

Siku ya arusi mama yako alinipaka samli hii hii ninayojipaka kila siku, mwili mzima, nawe ukasema nanukia vizuri. Kilichobadilika ni pua yako.

Sabuni nimefulia nguo za watoto. Krismasi utanikuta nimejipaka samli mpaka visigino. Ukiona nanuka, niambie mwenyewe. Mkeka wako bado uko mlangoni.

Mkeo wa samli,
Justina