Unga Uliokataa Maji ya Kisima

Kibwezi, Jumatano, Septemba 1988

Nimejidanganya, na nimewadanganya akina mama wa kikundi cha kupanda miti. Ule unga wa kiwandani niliowapa watie kwenye mashimo ya miche, nikiapa utashika maji hadi mvua ya Novemba, haufanyi kazi na maji ya kisima chetu.

Leo nimeujaribu kwa glasi mbili. Kwa maji ya mvua umefura kama uji mzito. Kwa maji ya kisima, yenye chumvi, umebaki kidogo tu, chini kabisa. Kitabu cha mafunzo kinasema nyuzi zake husukumana majini, ndiyo maana unafura. Chumvi ikiingia kati, zinaacha kusukumana, zinasinyaa. Mbona sikusoma mapema?

Nimempelekea mwenyekiti wao, Mwaitu Syombua, yaani Mama Syombua, glasi zote mbili. Ameziangalia sana.

"Miche yetu itakufa?"

"Tusipoimwagilia kila siku, itakufa."

"Basi kesho uwaambie wewe. Mdomo uliosifu ndio utakaosema."

Wamebeba maji mgongoni kutoka kisimani, mbali, kwa sababu ya neno langu. Naogopa macho yao. Naogopa zaidi kwamba hawatanifokea. Watachukua mitungi tu, warudi kisimani.