Mtu wa Thelathini na Moja

Kitale,
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Kwa mdogo wangu Wilkista,
Bumula.

Mulembe, mdogo wangu. Mimi dada yako Phelista ningali napumua. Magoti ndiyo yananisema kila asubuhi, lakini sijalala hospitali na sijaombea mtu chakula. Natumaini wewe pia umeamka, na kile kifua cha mvua kimekuachilia. Kuku wanataga? Yule mama wa kanisa aliyekukalia kiti chako cha mbele, mmeshasalimiana? Msalimie. Wewe ndiye mkubwa. Macho yako najua hayajapona, kwa hivyo najua barua hii unasomewa. Na anayekusomea namjua pia, maana hapo kwako hakuna mwingine ila mjukuu wetu Kizito, aliyeingia na begi wiki tatu zilizopita na mpaka leo hajasema amekuja kufanya nini.

Basi wewe Kizito, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mstari ati kwa sababu umetajwa. Kumrukia mzee mstari ni kama kumwibia nyama kwa sahani yake.

Wilkista, ningepiga simu. Lakini simu yako anashika yeye, na kila nikipiga anasema mtandao wa Bumula ni mbaya, halafu inakatika. Mtandao wa Bumula si mbaya hivyo. Juzi Makokha ameniambia anakuja huko kwa matanga ya shemeji yake, nikajiambia barua haikatwi katikati, na mtu akianza kumsomea kukhu yake, bibi yake mzima, hawezi kunyamaza bila kuulizwa mbona umenyamaza. Tangu tutoke kanisani nimekaa na kalamu. Shule nilifika darasa la nne, lakini hilo la nne nililifika vizuri.

Ninachotaka nakisema mapema. Nataka huyo kijana arudi Kitale kabla ya tarehe kumi na tisa, siku ya mwisho ya kuandikisha majina ya wanaotaka kujaribiwa tena kuingia gofu ya kulipwa. Nasikia amesema fimbo zake atauza, atafute kazi kwa kinu cha posho. Kinu si kazi mbaya. Marehemu babu yake aliendesha kinu na tukala. Lakini huyu haachi kwa sababu ameshindwa. Anaacha kwa sababu ya jambo ambalo si kweli, na mimi ndiye ninajua kwamba si kweli.

Wewe mchezo huu hukuwahi kuuelewa, na siku ile nikikueleza ulilala. Ni wanaume wazima, wanapiga kampira kadogo kwa fimbo mpaka kaingie shimoni, na aliyepiga mara chache ndiye bora. Kila kupiga kunaitwa mkwaju. Wanaanza Alhamisi. Ijumaa jioni nusu yao wanarudishwa nyumbani, huo ndio mchujo, na wanaobaki wanacheza mpaka Jumapili. Halafu wanahamia mji mwingine, hivyo hivyo mwaka mzima kama watu wa soko. Msimu ukiisha wanapangwa foleni. Thelathini wa mbele nafasi zao za mwaka ujao zipo. Wa thelathini na moja anarudi kujaribiwa upya kama mtoto wa nasari.

Kizito aliondoka hapa Februari. Mombasa jua lilimpiga, akarudishwa Ijumaa. Thika akapita mchujo. Nanyuki akawa wa tisa, na mimi siku hiyo nilitembea sokoni polepole ili watu wapate nafasi ya kuniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Watu wa hapa wanajua mpira wa miguu tu.

Nilikuwa namfuata kwa simu ya Wakonyo, jirani yangu yule wa nyumba ya mabati ya kijani, kwa sababu yangu ni ya kubonyeza. Wakonyo ananisomea bila hata kuinua kichwa: mtu wako amepanda, mtu wako ameshuka, kama anayesoma bei ya mahindi. Halafu ananipa chai, anaanza mambo ya watoto wake, na mimi naona ni wakati wa kurudi kwangu.

Kwangu sasa. Mdogo wangu, ugali wa mtu mmoja mimi sijui kuupika. Mkono umezoea kumwaga unga wa watu wawili, na nikaendelea kumwaga hivyo miezi tisa, mpaka mbwa wa Wakonyo akanenepa. Mwanzoni kijana alikuwa anapiga simu kila Jumapili na tunaongea mpaka sikio linapata moto. Baadaye ikawa umekula kukhu, nimekula, haya. Kufika Julai alikuwa anapiga tu akipita mchujo. Kwa hivyo Ijumaa jioni simu ikilala kimya mezani, sikuhitaji Wakonyo aniambie kitu. Nilikuwa naitazama kama sufuria ya maziwa.

Sisemi hivi ili nihurumiwe. Nasema ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani ilipofika Oktoba.

Mashindano ya mwisho yaliletwa hapa Kitale. Kijana akaja, akalala kitanda chake, na mimi kusikia tu mtu anakohoa chumba cha pili nililala kama mtoto aliyenyonya. Alikuwa wa ishirini na nane. Akiimaliza wiki bila kuharibu, nafasi yake iko. Jumatano akala vizuri, akanishika mkono, akasema, “Kukhu, usikuje uwanjani. Nikikuona nitakufikiria wewe badala ya mpira.”

Nikamwambia hata sina nafasi, nina maharagwe ya kuchagua. Lakini moyoni nilisikia kitu kingine. Unajua miaka niliyouza mahindi ya kuchemsha kwa makedi, wale wabeba mifuko, pale nje ya uwanja. Nikasema, ahaa, sasa anacheza na watu wa magari, hataki waone kukhu wa mahindi. Hakusema hivyo. Ni mimi nilijiambia, na mimi nikijiambia kitu huwa naamini.

Alhamisi nikakaa. Ijumaa akapita mchujo, nikakaa. Jumamosi nikakaa. Jumapili akanywa chai, akaenda, nikaosha kikombe chake, na nyumba ikanikazia macho. Msimu wote wangu nilikuwa nimeuona kwa kioo cha simu ya mwanamke mwingine. Nikaazima koti kubwa la Wakonyo, nikafunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, nikapita njia ya mikaratusi, ile tulikuwa tunaokotea kuni, nikasimama nyuma ya mti karibu na shimo la kumi na sita.

Wilkista, sasa kaa vizuri. Na wewe Kizito, hapa ndipo nimekuambia usiruke.

Nilimwona anakuja kwa mbali na shati jeupe. Akapiga. Mpira ukaenda upande wangu, ukagonga tawi, ukaanguka kwenye majani makavu, ukaviringika, ukasimama hatua mbili kutoka kwa miguu yangu. Nikauokota.

Usiulize nilifikiri nini, mkono ulitangulia. Huyo kijana nilimlea kwa mipira ya kuokotwa. Wakubwa walikuwa wanaipoteza vichakani, yeye akitoka shule anaitafuta, ananiletea, mimi naipangusa na leso na kuificha kifuani mpaka mwenye kununua apite, na ndiyo ilinunua yunifomu. Miaka minane. Kwetu mpira uliolala chini ya mti ni wa aliyeuona. Tena nilijua ana mingine mfukoni. Nikauweka kifuani.

Kisha wakaja. Kizito, na Dancan aliyekuwa amembebea fimbo, na mzee mmoja wa kofia ameshika saa. Wakaanza kufukua majani. Nikajibana nyuma ya mti, kitambaa nimekivuta mpaka mdomoni. Kijana alipita karibu nami, karibu hata nilisikia pumzi yake, na nikamsikia anamwambia Dancan kwamba yeye ameuona kwa macho yake ukiingia hapo hapo. Ningesema neno moja. Neno moja tu, mdogo wangu. Lakini angegeuka, angeniona nimejifunga kama mwizi wa kuku, mahali alipokuwa ameniomba nisikuje, mbele ya watu wake. Nikaona haya. Mimi Phelista, ambaye sijawahi kumwonea haya mtu wa Kitale, nikamwonea haya mtoto niliyemlea.

Mzee wa saa akasema dakika tatu zimeisha. Kijana akarudi alikotoka, akapiga tena. Kupoteza mpira kulimlipisha mikwaju miwili. Jioni foleni ilipopangwa alikuwa wa thelathini na moja. Alikosa kwa mkwaju mmoja.

Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Nikamuuliza kama atakula. Akasema, “Kukhu, mpira niliuona ukianguka, na haukuwa pale. Mtu asiyeweza kuamini macho yake afanye kazi nyingine.” Na mimi nikampakulia ugali huo mpira ukiwa bado kifuani mwangu. Nikamwambia kula, kesho ni siku nyingine. Jumanne akaja kwako.

Kanuni sikuijua. Aliyenieleza ni Muturi, mume wa Wakonyo, anayekata nyasi kule. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kama habari ya mtu mwingine. Akasema mtu wa pembeni akiokota mpira kisha aseme, mchezaji anaurudisha palepale na hapotezi hata mkwaju. Nilienda nyumbani nikafunga mlango, na ilikuwa saa sita mchana.

Wiki jana nilivaa nguo ya kanisa, nikaenda kwa wale wanaosimamia mashindano, nikasema jina langu lote na nilichofanya. Kijana wa pale alinisikiliza kwa heshima, hata alisimama. Akasema matokeo yakishatiwa sahihi hayafunguliwi. Nikamwambia sikuja afungue, nimekuja aandike. Sijui kama aliandika. Nilivyotoka nikaona kwamba huko nilikuwa nimeenda kwa sababu ni rahisi kuliko kwako.

Kwa hivyo Kizito, sasa naongea na wewe, na kukhu yako Wilkista ndiye shahidi. Mpira ninao. Una nukta mbili za wino mwekundu, ulizoziweka asubuhi ile mezani kwangu ukiwa unapuliza zikauke. Mahali ulipomwonyesha Dancan ndipo ulipokuwa. Hukukosea hata hatua nne. Macho yako hayakukudanganya. Aliyekudanganya ni mimi, mara ya kwanza kwa kunyamaza na mara ya pili kwa sahani ya ugali.

Ukitaka kukasirika, kasirika. Ukitaka kukaa Bumula usage mahindi ya watu, saga, lakini usage ukijua ukweli. Sitakupigia simu kukubembeleza, mimi sikulelewa hivyo. Tarehe ni kumi na tisa. Kitanda chako sijakitandika wala sijakitandua. Ukija utanikuta, na maneno uliyo nayo utaniambia mbele ya uso wangu, nami sitajifunika kitambaa.

Wilkista, kama amenyamaza mahali, usimharakishe. Mpe maji. Wewe macho huna lakini masikio unayo, na utajua kama pumzi yake ni ya hasira au ni ya kitu kingine. Uniambie kupitia Makokha, anarudi Alhamisi. Usinipambie. Kama amesema hataki kuniona, mwambie Makokha aniambie hivyo hivyo.

Nisalimie watu wa kanisa lako wote, yule wa kiti cha mbele awe wa kwanza. Nimekuwekea maharagwe gorogoro mbili, mikebe miwili iliyojaa, kwa mfuko wa Makokha, uyapime kabla hajaenda. Wakonyo anakusalimia pia, ingawa hakujui. Mungu akulinde na kifua.

Na wewe Kizito, huu mwandiko wangu hata mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa anausogeza dirishani. Kama umeusoma wote mpaka hapa bila kukosea, basi macho ni mazima.

Ni mimi,
dada yako, na kukhu wa huyo anayesoma,
Phelista Naliaka.