Mama Vero wa Pondu Iko Wapi

Mama,

Watu wanakutafuta. Sisemi hivyo ili kukuliza. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye simu yangu, katika ile ripoti inayonionyesha maneno ambayo watu wameyaandika kwenye mtambo wa kutafuta hadi wakafika kwenye blogu yetu. Zamani pale juu palikuwa na majina ya vyakula, pondu, fumbwa, lituma. Wiki hii mstari wa kwanza ni huu, neno kwa neno: "mama vero wa pondu soko kubwa iko wapi".

Unajua ninachotakiwa kufanya, maana wewe ndiye uliyenifundisha. Swali likirudi mara nyingi, mtu analiandikia ukurasa wake. Lakini ni miezi saba tangu tukuzike, na ukurasa huo sijauweza. Kwa hiyo leo nimeamua nikuandikie wewe kwanza, labda mkono utalegea.

Unakumbuka tulivyoanza? Mimi napenda kurudi hapo. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, simu ninayo. Nikakuambia nitafungua blogu ya mapishi. Ukaniuliza blogu ni kitu gani, nikakueleza kwa maneno mengi, na wewe ukasema, "Bon, ni meza ya soko, lakini juu yake hakuna kitu." Nilinuna siku nzima. Kisha nikakaa wiki mbili kuandika makala yangu ya kwanza kwa Kifaransa cha mtihani, kuhusu utayarishaji wa kiasili wa majani ya muhogo. Walikuja wasomaji watatu, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe, kwenye simu niliyoazima kwa Tantine Bea wa meza ya jirani.

Nilikusomea kichwa cha makala ile ukiwa unafunga mafungu ya matembele. Ulicheka mpaka ukaweka kamba chini. "Vero, tangu asubuhi, nani amekuya hapa kuuliza majani ya muhogo?" Kweli hakuna. Walikuwa wameuliza pondu, na wengine wakasema sombe, majani yaleyale. Wala hawakuishia hapo. Mmoja alitaka kujua kwa nini pondu yake inageuka nyeusi. Mwingine alitaka fungu la kupikia na mbisi, samaki wa moshi, kwa sababu wakwe wanakuja. Ukanisogezea kiti kile kidogo chenye mguu mbovu, ukanionyesha daftari langu. "Leta kaye. Kaa hapa. Andika vile batu banauliza, hapana vile wewe unajua."

Basi, masomo yangu yote ya blogu yalikuwa hayo. Baadaye nilikuta mtandaoni watu wanaofundisha jambo lilelile kwa majina mazito, utafiti wa maneno muhimu, sijui nia ya mtafutaji. Nilisoma yote kwa bidii, na kila ukurasa niliona meza yako.

Kila Jumamosi nilikaa na daftari langu nikiandika maswali jinsi yalivyotoka midomoni, pamoja na makosa yake, na swali likirudi nilitia alama pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba neno "pondu" likiwa peke yake lina wenyewe, tovuti kubwa za Kinshasa na za Ulaya, na mimi sina nguvu za kusukumana nao. Lakini "namna ya kupika pondu isigeuke nyeusi" lilikuwa limelala tu, hakuna aliyelijibu. Wewe hukushangaa. Ulisema hata sokoni wenye meza kubwa wako mlangoni, na wewe uko huko nyuma karibu na samaki wa moshi, lakini mwenye shida ya majani ya fumbwa yaliyokatwa vyembamba anapita meza zote mpaka kwako. Niliandika jibu lako, usifunike sufuria, na mwezi ule wageni hawakuwa watatu tena.

Kuna siku nilisoma mahali kwamba neno likirudiwa sana mtambo unalipenda. Nikaandika fumbwa mara thelathini katika makala moja. Nilipokusomea ulinitazama kama mtu aliyeonja chumvi. "Mutu mwenye kuita jina yako kila saa, iko na kitu anaficha." Nilifuta ishirini na tano.

Lakini somo linalonitesa sasa ni lile la mama mmoja wa mtaa wa Mangobo. Alikuja na mzigo kichwani, toleka, baiskeli ya kubeba abiria, ikimngoja barabarani, akauliza matembele machungu yafanywe nini. Nami kwa kujua kwingi nikaanza kumweleza aina za matembele, na udongo, na mvua. Ulinikata katikati. "Mutu iko na muzigo ku kichwa. Umujibu kwanza, stori itakuya nyuma." Ukamwambia achemshe, amwage maji ya kwanza, na mama akaenda zake. Tangu siku ile kila makala yangu hutoa jibu katika sentensi ya kwanza. Wasomaji walinisifu kwa jambo hilo, na sikuwaambia nimelitoa wapi.

Homa ilikushika Jumatatu. Jumapili iliyofuata tulikuwa kwenye matanga yako. Sijui niandike nini zaidi hapo, Mama. Wanawake walipokuwa wakiutengeneza mwili wako niliangalia kidole gumba chako cha kulia, kile kilichobaki cha kijani kwa utomvu wa majani hata siku za kanisani, hata ukikisugua kwa limau. Kilikuwa bado cha kijani. Nilitaka kuwaambia wakiache hivyohivyo.

Baada ya hapo sikukanyaga soko. Blogu sikuifunga. Niliendelea kuandika "Mama Vero anasema", kama vile uko jikoni unapepea moto. Mama Vero anasema ndizi za lituma zitwangwe zikiwa moto. Mama Vero anasema fumbwa haina haraka. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya wasomaji, na huo ulikuwa uongo. Nilifanya hivyo kwa sababu nikimaliza kuandika "anasema", nilikuwa kweli nakusikia.

Na kwa kuwa sikuwa tena na mahali pa kusikiliza, maneno yangu nikayaokota kwenye orodha za bure za mtandaoni, tena yale makubwa makubwa ambayo kila mtu anayagombania. Nikajikuta ukurasa wa tisa wa majibu ya mtambo, pale hata mwizi hafiki. Ungenicheka sana. Natamani unicheke.

Kisha ukaja mstari ule kwenye ripoti. Mwanzoni ulikuwa mmoja tu, ukapotea, ukarudi, ikawa mingi. Jumamosi iliyopita nikajikaza nikaenda sokoni. Meza yako ipo. Tantine Bea hajaruhusu mtu aishike, anaifuta kila asubuhi pamoja na yake. Tulishikana. Halafu nikamuuliza anawaambia nini watu wanaokuulizia. Akaangalia chini. "Vero, mi nasema tu, hayuko hapa. Mudomo inakataa."

Ndipo nilipoelewa. Bea anawaambia hayuko hapa, wanarudi nyumbani kuiuliza simu, na simu inawaleta kwangu, na kwangu wanakuta Mama Vero anasema. Wanarudi tena sokoni. Tantine Bea alinisimulia juu ya mama mmoja wa Yangambi, mteja wako wa miaka mingi, aliyekuja kwa mtumbwi mara mbili kwa ajili yako tu. Mara ya pili alikuachia kikapu cha ndizi. Bea alikiweka juu ya meza yako na hakuthubutu kukigusa. Ndizi ziliiva, zikapita kuiva, zikaoza palepale. Mwanamke yule ametoka mbali na mzigo wake, na sisi wawili tunaokupenda ndio tuliomwacha amesimama.

Siku hiyohiyo nilijaribu. Niliandika kichwa, "Kumbukumbu ya mwanamke wa mfano". Nani atatafuta hivyo? Nikafuta. Nikaandika "Habari za Mama Vero", kisha aya tatu juu ya utoto wako ng'ambo ya mto, juu ya sauti yako, juu ya kiti chenye mguu mbovu. Zilikuwa aya nzuri, na jibu halikuwemo hata katika moja. Nilikuwa yuleyule wa siku ya matembele, nampa mtu historia ya udongo wakati shingo yake inauma.

Nimekukumbuka mpaka nimechoka. Nakukumbuka zaidi nikiwa na jambo dogo la kukuuliza, kama leo, nani anifundishe namna ya kuandika kwamba hupo? Nimelitafuta hata hilo kwenye simu. Majibu yalikuwa mengi, marefu, ya watu wasiokujua.

Kwa hiyo nimechukua daftari letu la zamani, lile lenye madoa ya mawese, na nimeandika mle kwanza, kwa kalamu, kama ulivyopenda. Kichwa ni vile wanavyouliza, sikugusa hata neno: Mama Vero wa pondu soko kubwa iko wapi. Sentensi ya kwanza inawajibu. Mama Vero amefariki, tumemzika hapa Kisangani. Mkono ulifika mwisho wa mstari. Ya pili inasema mimi ndiye Vero, yule ambaye jina lake mlikuwa mkiliita miaka yote mlipokuwa mkimwita yeye. Stori iko nyuma, kwa mwenye muda wa kukaa. Pale palipoandikwa "anasema" nitapita ukurasa kwa ukurasa niweke "alisema". Nimeanza na pondu. Imeniuma, na nitaendelea.

Nikimaliza barua hii nauweka ukurasa hewani, na mama wa Yangambi hatasafiri tena bure. Jumamosi nitafungua meza. Tantine Bea ameshaagiza matembele na pondu kwa ajili yangu, na kile kiti nimekipigilia misumari miwili, ingawa bado kinayumba. Nitakuwa na daftari mapajani. Nitaandika vile wanauliza.

Lala salama, Mama. Usihangaike tena na watu wa sokoni. Wakikuita, nitaitika mimi.

Mwanao,
Vero